Wiki ya Januari

Kairo, 3 Oktoba

Dada Inshirah mpenzi,

Salamu nyingi. Hujambo, na Shemeji Bayumi hajambo? Magoti yako je? Mimi mzima wa mwili tu. Suhair amenuna, kaenda kukaa kwa mama yake. Kasema hakanyagi hapa mpaka niachane na ile wiki.

Ni ile niliyouziwa siku niliyokwenda kupokea birika la bure: chumba cha ufukweni Ain Sukhna, siku saba kila Januari, maisha yangu yote, na ada nalipa hata nisipokwenda. Januari, dada! Hata samaki wanasikia baridi. Kampuni haiipokei tena, inataka mtu mwingine atie sahihi aichukue. Nimewapa bure majirani, kinyozi, mpaka imamu. Kila mmoja anaweka mkono kifuani: "Mungu akuzidishie, ni kama tumepokea." Nifanyeje? Nyumba haikaliki bila Suhair.

Mdogo wako,
Wagdi

Tanta, 9 Oktoba

Wagdi mdogo wangu,

Sisi wazima, ila magoti ndiyo hayo hayo. Pole, na hilo birika likupikie chai ya machozi.

Bwege wee! Wanadhani unawakaribisha kwa adabu tu, kama muuza nyama anayekwambia "chukua bure" na kiganja keshakinyoosha. Nani anapokea mara ya kwanza? Hata ya tatu ni kukosa haya. Toa mara ya nne, kisha apia talaka: "Mke wangu si mke wangu ukikataa!" Bayumi huapa hivyo kwa glasi ya chai, na wageni wanakunywa huku wamevimbiwa. Mwanamume gani atakubali kukuvunjia nyumba?

Mrudishe wifi yangu, nimemkumbuka.

Dada yako,
Inshirah

Kairo, 20 Oktoba

Dada mpenzi,

Natumaini hujambo na umerudi salama kutoka maulidi. Nilipita kwako sikukukuta, ila Shemeji alinishibisha bata, Mungu amlipe.

Ushauri wako dawa! Alikataa mara tatu, mkono kifuani. Mara ya nne nikaapa. Maskini, alibadilika rangi, akatia sahihi. Hongereni, wiki ni yenu.

Usinikasirikie, dada. Jioni hii nakwenda kumchukua Suhair.

Mdogo wako (bado?),
Wagdi

Tanta, 2 Novemba

Wagdi,

Hali yako siulizi. Magoti yamepona kwa hasira: nilipanda treni hadi kwa mama mkwe wako. Nilimkuta Suhair analia. Kasikia ulivyoapia talaka, ndiyo maana hakukufungulia mlango. Nikamwambia, "Yule mjinga hakuapa kwa kukuchoka, wifi yangu. Aliapa kwa sababu hawezi kuishi bila wewe." Akacheka kidogo, akaanza kukunja nguo zake. Atafika kesho kutwa. Safisha nyumba.

Kisha nikamkaribisha mama yake ile wiki. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza mpaka mara ya nne. Alikubali ya kwanza, na sahihi keshatia.

Ana sharti moja tu: hawezi kukaa ufukweni peke yake, kwa hiyo kila Januari utampeleka wewe, ukae naye siku zote saba. Nimekubali kwa niaba yako. Juzi kapimwa hospitali, daktari kasema moyo wake ni wa msichana.

Dada yako,
Inshirah