Vidonge Nilivyovipaka Nta

Kijiji cha Ujamaa Mbugani,
S.L.P. Itigi.
12 Novemba 1974.

Mpendwa shemeji Antipasi,

Pokea salamu kutoka huku vumbini. Habari za Morogoro na kazi ya hospitali? Redempta na watoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila kile kitambi ulichokuwa ukinicheka kimepungua, na sababu yake utaisoma sasa.

Dada yako Marietha anaumwa. Anahara damu tangu tulipohamia kijijini. Mganga wa zahanati alimpa vidonge, lakini ni vichungu mno. Kila akimeza, anatapika.

Basi mimi, mtu wa mizinga ya nyuki, nikajiona nina akili. Nikayeyusha nta, nikavichovya kimoja kimoja. Vikateremka bila matata, kutapika kukakoma. Majirani wakaniita daktari, nami, usinicheke, nikaitika.

Lakini damu haikukoma. Jana binti yetu Dorkas alinijia mbio. "Baba, dawa ya mama imetoka nzima!" Nikaenda kutazama. Kweli, kidonge kilikuwa pale na nta yake, kama nilivyokitoa chunguni. Nilijua utumbo wake umekufa.

Nikakimbilia zahanati. Mganga alinisikiliza, akashika kichwa.

"Mzee, utumbo haujafa. Ngozi ya ndani ya utumbo ndiyo inayoinywa dawa. Sasa itainywaje, nawe umeifungia ndani ya nta? Nta haiyeyuki tumboni. Umemmezesha mama mishumaa!"

Nilitaka kucheka, nikashindwa, maana aliniambia pia kwamba ngozi hiyo sasa imechubuka vibaya, na dawa zahanati imekwisha. Imebaki hii yangu ya nta tu, nayo haitoshi. Nimeshinda nikiikwangua kwa kisu.

Nakuomba sana, tafuta vidonge huko. Jina la dawa mganga ameliandika nyuma ya karatasi hii. Mpe mtu yeyote wa garimoshi anayeshuka Itigi, nitakuwa stesheni kila treni ipitapo. Fanya haraka, shemeji. Amebaki mifupa.

Msalimie mama yetu Selina, ila haya usimwambie bado. Mungu awafunike nyote, na mkono mmoja auweke juu ya dada yako.

Sasa hivi amemeza kimoja kitupu, bila nta. Amekunja uso, akaniambia kingine nimeze mwenyewe nione. Mpaka sasa hajakitapika. Naandika nikimsikiliza, hata kukohoa naogopa.

Shemeji yako akupendaye, ambaye si daktari tena,
Mathayo