Mkanda wa Mjapani Kiunoni mwa Zaina

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako nimeisikia, maana mwanao hata kaburi akilisemesha huitika. Nakuandikia moyo umenichafuka. Tangu Jumatatu chakula hakipiti, mimi niliyewahi kumaliza sinia zima la pilau pale Muheza mpaka bwana harusi akaniomba radhi.

Kaka Mbwana ameutoa sandukuni ule mkanda wako wa vita. Akawa anawafunga wajawazito.

Eti amewaambia wanawake wa mtaa wetu wote wa Mabawa kwamba ulimkaba kamanda wa Wajapani kwa mkono mmoja, divisheni nzima ikatimua mbio, nawe ukamvua mkanda wa ushindi. Basi atakayeufunga tumboni atajifungua bila kisu wala sindano. Na walikuja, Baba, na walishukuru. Mimi ni muongo, tena wa kusifika. Yule papa aliyenipisha njia kule Ushongo habari zake zimefika hadi Pemba. Lakini uongo wangu hafungwi mtu kiunoni.

Mimi uliniambia yaliyokuwa. Kaka alikuwa hakai kusikiliza. Mimi ndiye niliyekuwa nakukanda mguu. Ulikuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, mkapelekwa Burma, mkaingia bonde la Kabaw kwenye masika ya huko. Wengi wa divisheni ile ya Wajapani hamkuwaua nyinyi. Wakubwa wao waliwavusha milima waende kuiteka India na mchele wa siku chache, wakawaambia watakula cha adui. Adui hakuwapikia. Wakarudi wanatafuna majani, wanahara damu, wanadondoka njiani. Mkawakuta wameegemea miti, wengine kwenye machela, na kinachotikisika ni funza. Ukakanyaga ulichodhani ni tope. Ndiyo maana bokoboko, ile ngano iliyopondwa na nyama, likiletwa mkekani ulikuwa unainuka, watu wakasema una maringo.

Mmoja wao, kijana, ulimvua mkanda kwa kuwa tumbo lilikuwa likikukata kwa baridi. Kitambaa cheupe, mafundo mekundu yametapakaa kama vipele, na chawa wamezaliana ndani ya mafundo. Mkalimani wa kambi akakueleza: wameshona wanawake, mama yake, majirani, hata wapita njia, kila mmoja fundo lake, ili risasi isimpate. "Na kweli haikumpata," uliniambia. "Amekufa kwa kuhara." Ukatema mate, ukaninyooshea mguu nikukande.

Basi kitu hicho, na lile doa lake la kahawia, nimekikuta kiunoni mwa Zaina, binti wa dada yetu. Uchungu umemshika tangu alfajiri, miguu imevimba, anasema anaona ukungu, na Kaka yuko barazani na tasbihi yake: "Subirini, mkanda unafanya kazi."

Nikamwambia, "Mjapani mwenyewe ulimfanyia kazi gani?"

Akanijibu, "Nenda kauze machungwa, darasa la nne we!"

Darasa la sita, Baba! Wewe shahidi.

Nikaukata kwa kisu cha machungwa. Dada akapiga ukelele kama nimechinja mtu. Nikambeba Zaina mikononi, mjomba ndiye mimi, nikamtia kwenye kirikuu changu cha mizigo kati ya matenga, nikaendesha hata kunguru wakatupisha. Hospitali wakasema presha imepanda vibaya, tungechelewa kidogo tungewakosa wote wawili. Wakampasua. Ni mtoto wa kiume, analia kama muadhini. Zaina amefumbua macho, ameomba uji.

Kaka hasemi nami. Eti nimekata baraka ya ukoo. Dada naye, huku kamshika mjukuu, bado anataka niushone! Wakubwa wa wale Wajapani na Kaka yetu naona wamenyonya ziwa moja: wenye njaa wanaachiwa kitambaa, mzazi anayekufa anapewa kitambaa, wenyewe wamekaa kivulini.

Sikuushona. Niliufua kwa maji ya moto, nikauvika bafta ya sanda, nikaenda nao makaburini. Mtani wetu Mbondei, yule mchimbaji, akaniuliza, "Leo mkanda, kesho mtaniletea suruali?" Nilipomweleza ni wa nani akavua kofia, akachimba nje kidogo ya ukuta, nisije nikagombana na masheikh. Sikujua niuelekeze wapi. Mjapani kibla chake sikijui. Nikaulaza tu, taratibu, kama unavyolaza mtoto aliyesinzia. Kutoka hapo hadi kwako si mbali, Baba. Kama huko mnaonana na yule kijana, mwambie tumezika tulichokipata.

Nakuaga. Lala, mguu usikuume. Huyu mtoto akipata akili nitamsimulia vita yako mimi mwenyewe, kabla Kaka hajamkamata. Na nakuahidi, mimi Athumani muongo wa Mabawa, sitaongeza Mjapani hata mmoja, wala sitamuua ambaye wewe hukumuua.

Mwanao,
Athumani