Do ya Baba Ilivyopanda

Jumatano, 11 Juni 2025

Baba kakubali! Jumamosi, harusi ya binamu Hilda hapa Dirma, napiga muziki mimi. Saa moja tu, wakati wa zawadi. Sharti: nikimwaibisha mbele ya ukoo, mashine ya kuchanganyia muziki inarudi Arusha kwa Godlisten aliyeniazima, na mimi naenda Haydom kuuza mitumba kwa shangazi Ludovika. Kwa shangazi! Bora nichunge mbuzi.

Ukoo unataka kwaya. Mimi nataka techno, mdundo wa mashine. Watapata vyote, kwa pamoja.

Alhamisi, 12 Juni

Nimechagua wimbo wa kwaya aliotunga baba mwenyewe — ndiye mwalimu wao, na ubeti wa pili anaimba besi peke yake. Kwenye karatasi yake kaandika do, noti ya kwanza, ni F. Techno yangu iko kwenye ufunguo wa D maina. Ndugu wa damu hao, hawagombani. Ukichanganya funguo zisizoelewana, unasikia paka wawili ndani ya gunia.

Shida ni spidi. Kwaya inatembea mapigo 96 kwa dakika, wanasindikiza maiti au? Techno 130. Nimemshusha huyu, nimempandisha yule, wamekutana 120. Kuna kitufe cha kuzuia sauti isipande wimbo ukikimbizwa. Usikisahau, Judica!

Jumamosi, 14 Juni

Nimekisahau.

Ilianza vizuri, jamani. Mashangazi wakaja na vitenge, mabega yanakwenda na mdundo, hata Ludovika. Kisha Lukasi, kaka wa bibi harusi, kaleta ng'ombe mtamba wa zawadi. Kamvuta mpaka mbele ya spika! Besi ikagonga. Mtamba karuka, Lukasi kaburutwa hadi meza ya keki. Nacheka mpaka machozi, na mkono huku unaingiza wimbo wa baba...

Kitufe!

Ile sauti nzito ya baba ikatoka kama mwanambuzi anayemlilia mama yake. Turubai zima likalipuka. Wanacheka, wanacheza, vumbi linatimka, mzee Onesphory anapiga kelele nirudie.

Nikarudia! Shetani gani alinishika mkono?

Baba kainuka, katoka. Pilau lake kaliacha.

Jumapili, 15 Juni

Hajanisemesha. Baada ya ibada vijana wakampa shikamoo kwa visauti vyembamba. Kaitikia marahaba kwa besi ya kutisha watoto. Mimi nikaangalia viatu. Imeniuma. Nampenda yule mzee, nilitaka tu aone watu wanacheza wimbo wake.

Nguo nimekunja. Mashine iko kwenye boksi. Shangazi keshapiga simu, eti kitanda kiko tayari.

Jioni hii baba anakamua ng'ombe, anaimba ule wimbo. Ngoja — mbona haraka hivyo? Nimegonga kidole mezani kumfuata. Mama yangu! 120 kabisa.

Kaja mlangoni na ndoo. Anauliza: ikikimbia namna ile, do inaweza kubaki F? Nikamwambia inaweza, baba, nilisahau kitufe.

Ulisahau, akasema. Polepole.

Kaweka ndoo chini. Kavuta kigoda. Nifungue boksi, anaamuru. Hedifoni kavaa juu ya kofia, macho kafumba, ubeti wa pili unakuja. Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili uko kwenye kitufe, siutoi hata ng'ombe aingie ndani.