Dhahabu Haikimbii Miwani

Mshauri wa redio, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi nirudishie yangu, naomba unisaidie kabla sijaua watu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, kazi yangu ni kuosha sampuli, yaani wachimbaji wakitoa jiwe wanalitwanga, wananiletea unga, nauosha kwenye karai natafuta chembe za dhahabu, nikisema ipo wanaendelea kuchimba, nikisema hamna wanahama, na kwa miaka kumi na tisa jicho langu halijakosea, hata wanasema nimerithi kwa bibi. Sasa macho yamechoka, nikaenda Geita mjini nikapewa miwani ya kuonea mbali, kati na karibu katika kioo kimoja, siku ya kwanza kuivaa kazini ardhi ikapanda, nikaruka shimo ambalo halikuwepo, watu wote wanatazama, na karai likapinda kama ndizi. Fredy, kiongozi wa wachimbaji, akacheka, "Mama Wema, unaruka nini, chura?" kisha akasema, "Vua hivyo vioo, mama, dhahabu inakimbia vioo!" Nikavua, nikaifunga kwenye kanga. Jumatatu wakaleta unga wa mwamba mpya, nikatazama nikaona ukungu mtupu, nikaona aibu kusema sioni, nikasema, "Ipo, shukeni." Mshauri, sikuona kitu, na watu sita wanashuka kila siku, ukuta wa duara, hilo shimo wanalochimba, umeanza kumomonyoka, na Fredy mwenyewe anasema kama si neno langu wangeshahama. Nikisema ukweli nitachekwa na kazi imekwisha, nikinyamaza je?

Mama Wema, Rwamgasa

Mama Wema, marahaba. Nina hamsini na nne, magoti yangu ni shahidi. Nimeruka barua tatu za wivu ili nikujibu leo hewani.

Pole kwa macho. Kwa ulimi wako sina pole. Bibi uliyemrithi alikuwa anaona, hiyo ndiyo siri yake yote! Na huyo Fredy anayesema dhahabu inakimbia vioo, pikipiki yake ina vioo viwili, mbona dhahabu anaibeba kwa hiyohiyo? Kanda yetu hii mzee akiwa na macho mekundu anaitwa mchawi, akivaa miwani anaitwa mzungu. Hutawaridhisha. Chagua kuona.

Miwani hiyo ina adabu zake. Ivae ukiamka, ivue ukilala, wiki mbili bila kukatisha. Anayevaa na kuvua hazoei kamwe. Kitu cha pembeni kigeuzie pua, usikiibie kwa jicho. Kwenye karai inua kidevu kidogo, teremsha macho, tazama kwa sehemu ya chini ya kioo. Ukitembea, inamisha kichwa uone miguu kwa sehemu ya juu. Wiki mbili zikipita na ardhi bado inapanda, irudishe kwa aliyekupima airekebishe. Kanga ifungie mihogo.

Lakini hayo yote yatasubiri. Hukuniomba nifiche jina lako, nami sijalificha, ila redio haishiki ndani ya duara, kwa hiyo safari ni yako. Nenda sasa hivi, hata kama unaruka mashimo yasiyokuwepo. Waite wote sita wapande juu, uwaambie: "Jumatatu sikuona kitu." Kisha vaa miwani, uoshe unga uleule mbele yao.

Watakucheka, tena sana. Waache. Waliofukiwa hawacheki.