Msimamizi wa Miaka Kumi na Moja

Dallas, Texas
Jumanne, tarehe 4 Machi

Kwako komadre wangu Delfina,

Pokea salamu zangu, na baada ya salamu nakujulia hali. Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii? Na Ximena, binti yangu wa ubatizo aliyetufanya mimi na wewe tuitane komadre, meno yake ya mbele yameshaota au bado anacheka na pengo? Mimi ni mzima wa mwili. Ule mguu ulionisumbua wakati wa Krismasi umepona. Mama yangu naye hajambo, analalamika tu kutwa, na akilalamika ndipo tunajua ana nguvu.

Barua yako niliipata Ijumaa, nimeisoma mara nne. Kwa kuwa umesema umezima simu kwa ajili ya matusi ya watu, nakujibu kwa maandishi, na nimemkabidhi Padri Baltazar aje nayo mwenyewe kesho akirudi huko Arkansas, isije ikakaa posta. Ukiipokea, funga mlango uketi. Nakuomba uisome mpaka mwisho hata kama mkono utakuwasha kuichana, kwa sababu nusu ya kwanza inanihusu mimi na nusu ya mwisho inamhusu mumeo.

Umenieleza mambo ya kuumiza. Kwamba tangu watu wa uhamiaji wavamie kiwanda cha kuku wakaondoka na watu themanini, mji mzima wa Wendham unamnyooshea kidole mumeo Eleuterio, ingawa naye yuko kizuizini na hao hao. Kwamba mke wa Rutilio, ambaye mumewe naye alichukuliwa siku ile, alikupita dukani akasema kwa sauti, makusudi usikie, "Wengine wanauza tamale, wengine wanauza watu." Kwamba tamale zenyewe, hiyo mikate yako ya mahindi unayouza, unarudi nazo nyumbani ndoo nzima. Na yote ni kwa sababu ya ile ripoti iliyoandikwa magazetini, iliyosema kwamba habari za vitambulisho vya kuazima zilitoka kwa msimamizi wa chumba cha kukatia, mwenye miaka kumi na moja kazini. Msimamizi wa namna hiyo Wendham ni mmoja tu, na ndiye baba wa mtoto wako. Ukaniuliza mimi, kwa kuwa nimesoma na nakaa na watu wa fedha: ni kweli aliwachomea utambi wenzake? Unasema nguo zake umeshazitia kwenye gunia ukaziweka bandani, kumtembelea huendi, na hata akitoka hutamfungulia mlango.

Nitakujibu, dada yangu. Lakini niache nianzie mbali kidogo, maana nikikurushia neno moja hutaliamini.

Miaka yote hii hukuwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni ipi, nami nilishukuru kimoyomoyo. Nilikwambia tu niko ofisini, mambo ya hisa, ukasema, "Basi wewe mwenzetu umeshakuwa gringa, mzungu kabisa," tukacheka. Sasa nakwambia. Namfanyia kazi mzee mmoja anaitwa Royce Tillinghast. Pesa alizonazo mimi na wewe hatuwezi kuziwaza. Nimekaa naye miaka tisa na bado sizielewi. Ana nyumba milimani ambayo hajalala hata siku moja, na ndani yake kuna mpishi anayepika chakula cha mchana kila siku, ikitokea mwenyewe kapita. Aliwahi kuchimbiwa ziwa la bata. Bata walipokataa kukaa, akaajiri mtu wa kuwabembeleza. Haki ya Mungu, nimemwona mtu huyo na mshahara wake ni mkubwa kuliko wa mwalimu wa Ximena.

Pesa hizo anazipata kwa kuchagua hisa, na anazichagua kwa njia yake. Anasema ripoti za makampuni ni porojo, ukitaka ukweli kakae kwenye lango la kiwanda. Basi hutuma watu kama mimi tukahesabu malori, tuone zamu zinatoka saa ngapi, tuwaulize wafanyakazi kama saa za ziada bado zipo. Mimi nikapewa viwanda vya kuku na nyama, na sababu ni moja tu: Kihispania changu ni kama chenu na sura yangu ni kama yenu. Ndiyo, komadre. Siku ile ya barafu gari langu lilipokwama mbele ya meza yako ya tamale, ukanifunika blanketi lako na wewe mwenyewe una mimba ya miezi saba, sikuwa nimepotea njia kama nilivyokwambia. Nilikuwa nahesabu malori.

Najua swali linalokuja hapo: je, urafiki wetu ulikuwa kazi? Nimejiuliza hilo mpaka kichwa kikaniuma. Siku ya kwanza ilikuwa kazi. Siku niliyombeba Ximena kwenye maji ya ubatizo haikuwa kazi, naapa. Lakini nilikuwa nikitoka kwenu Jumapili narudi na daftari, na sikuwahi kuliacha daftari nyumbani. Fikiria mwenyewe unavyotaka.

Kila Jumatatu asubuhi tunakula kifungua kinywa na mzee, watu tisa mezani. Kila mmoja husimama akataja kampuni moja, anunue au aachane nayo, na akieleza mzee huuliza swali moja, mkate mkononi: "Nani kakwambia?" Ukijibu kwamba watu wanasema, basi anagonga kijiko kwenye glasi, ting, unakaa chini, na wiki nzima wenzako wanakutania wanakuita Bi Watu-Wanasema. Nimegongewa kijiko hicho, komadre, na naona aibu kukuambia jinsi kilivyoniuma. Kwa hiyo tumejifunza. Lazima uje na mtu, cheo chake, na miaka aliyokaa kazini. Bila miaka, habari haina uzito.

Na usidhani mezani pale wanawachukia Wameksiko kwa maneno ya barabarani. Wapo wageni wa mzee wanaosema wazi, kama yule Bwana Corbin mwenye visima vya mafuta, anayepiga meza akisema mpaka ufungwe hata panya asipite, huku vijana waliomwezekea paa wote ni wa Guanajuato, Meksiko. Mzee hasemi hivyo. Anasema kwa upole. Nami nilikuwa nakaa kimya nakula mayai yangu. Unajua kwa nini? Kwa sababu baba yangu marehemu alikuwa hivyo hivyo. Sisi wa Laredo, pale mpakani ambapo zamani palikuwa Meksiko, tunasema hatukuvuka mpaka, mpaka ndio uliotuvuka, na baba akiwaona wageni wapya kituo cha basi alikuwa anafyonza, anasema, "Hawa wa juzi watatuharibia jina." Nilikua na maneno hayo. Nilidhani yamenitoka nilipokuwa komadre wako. Kumbe yalikuwapo tu.

Sasa sikukuu ya kuzaliwa ya Ximena, Oktoba. Unakumbuka Eleuterio alivyokuwa na furaha, amevaa ile kofia yake nyeupe, anawagawia watu nyama? Wewe ulikuwa ndani unakata keki. Alikuja akakaa karibu yangu na chupa mbili za bia, akaanza kujisifia mstari wake wa kazi. Akasema, "Komadre, mimi nina akina José Garza watatu! Nikiita mmoja wanageuka wote, kuku anabaki peke yake." Tukacheka mpaka machozi. Akasema katika kila watu kumi wake, sita wanafanya kazi kwa majina ya wengine, na hao sita wanakata kuku kuwashinda wenye majina yao. Alikuwa anawasifu, Delfina. Alikuwa anajivuna kwa ajili yao mbele ya mtu wa nyumbani.

Jumatatu nikasimama mezani nikataja kampuni ya kuku ya Wendham. Nikasema iachwe, maana imejengwa juu ya watu wanaoweza kuondolewa siku moja. Mzee akauliza nani kakwambia. Nikajibu: msimamizi wa chumba cha kukatia, miaka kumi na moja. Kijiko hakikugongwa. Mzee aliweka mkate chini, akanitazama, akasema, "Sasa hiyo ndiyo kazi." Mungu anisamehe, nilijisikia nimeota mbawa.

Ipo njia ya kupata pesa hisa zikianguka. Unaazima hisa za mtu, unaziuza leo bei ikiwa juu, zikianguka unazinunua kwa bei ya chini unamrudishia, na kinachobaki ni chako. Mzee alifanya hivyo, kisha akatoa ile ripoti ya magazetini ili walio nazo waogope waziuze, bei ianguke. Kabla haijatoka waliniletea niikague. Niliona mstari ule. Nilijua Wendham ni ndogo, nikawaza niweke "msimamizi mmoja" nifute miaka. Nikakumbuka kwamba bila miaka haina uzito. Nikatia alama ya sahihi pembeni kwa kalamu yangu mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono.

Hisa zikaanguka, na wiki mbili baadaye mabasi ya uhamiaji yakaja langoni. Nilipomwendea mzee, alisikitika kweli, alitoa hata leso. Akasema, "Graciela, mimi sina ugomvi na watu wenu. Mwanamke aliyenilea alikuwa Mmeksiko." Siku ya pili akatangaza kuwalipia karo watoto kumi wa Wendham. Anajiona mtu mwema, na labda akilala hana wasiwasi wowote. Mimi nilipewa bahasha yangu ya ushindi. Nikaichukua. Ndiyo inayomlipa yule wakili unayeniombea rozari kwa ajili yake, na ndiyo iliyolipa kodi yako ya Februari. Kila uliponiandikia, "Mungu akulipe, komadre," nilitamani ardhi inimeze.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: mumeo hakumchoma mtu yeyote. Ni mimi.

Na bado sijamaliza. Alhamisi iliyopita nilikwenda kumtembelea kizuizini. Amekonda. Kule ndani wenzake hawali naye meza moja, na Rutilio alimtemea mate mbele ya watu. Nilikaa upande wangu wa kioo, akanianza yeye. Akasema, "Nimekumbuka vizuri, komadre. Neno lile nimelisema mara moja tu maishani, na mtu niliyemwambia ni mmoja." Alijua! Anajua tangu siku ile ile ripoti ilipotoka. Nikaanza kulia, akanikataza, walinzi wasije wakatukatiza. Akasema, "Delfina usimwambie. Wakili unalipa wewe, nyumba unalipa wewe, mtoto ni wako wa ubatizo. Akikufukuza wewe, atabaki na nani huko? Mimi mwache aninunie, atazoea." Kisha akasema amechoka, kwamba kwa kuwa wewe huendi kumwona, hana anachokingoja hapa, na Jumatatu ijayo, tarehe 10, atasaini karatasi ya kukubali kurudishwa kwao. Wakili amemsihi asisaini, ana hoja nzuri mbele ya jaji. Hataki kusikia.

Nikuambie na hili, kwa kuwa nimeamua kusema yote: nilipotoka pale nilifurahi. Nilikaa kwenye gari nikapumua, nikasema ahsante Mungu, amenifichia. Nilifurahi siku nzima. Kesho yake ikaja barua yako yenye habari za gunia.

Amri yake ya kunyamaza nimeivunja, na sijutii. Jumamosi ni siku ya wageni. Nenda. Padri atakupeleka na gari lake, tumeshakubaliana, mchukue na Ximena. Huna haja ya kumweleza lolote, akikuona tu inatosha asiiguse kalamu ya kusaini. Wakili ni wa Eleuterio, si wangu. Ameshalipwa mpaka mwisho wa kesi na hataondoka hata ukinilaani. Nimempa nakala ya barua hii aitumie atakavyo. Kazini niliweka saini ya kutofungua mdomo, kwa hiyo mzee atanishitaki. Na anishitaki.

Jambo la mwisho. Jumapili baada ya misa, mwombe Padri akupe nafasi, usimame mbele ya Wendham nzima uwasomee barua hii. Soma yote. Usilifiche jina langu kwa kunionea huruma, na usiruke mahali nilipofurahi. Mke wa Rutilio akae mbele.

Desturi yetu ni kufunga barua kwa kuomba kusalimiwa watu. Mimi sina uso wa kukuomba umsalimie mtu yeyote huko. Ximena akikua akiuliza nani alimbeba siku ya ubatizo, wewe ndiye utakayeamua la kumjibu, nami nitalikubali. Namwombea Eleuterio afike nyumbani, na akifika akute nguo zake zimerudi kabatini.

Ni mimi niliyesema,

Graciela Barrientos Olvera