Toka Kwenye Kiti cha Shemeji Yako

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa sababu marehemu mama alituchapa sote wawili mpaka tukajua kusalimu. U hali gani? Kile kiuno chako vipi? Kama bado kinauma, kiendelee hivyo hivyo. Sisi huku wazima, ukiacha goti langu linalotabiri mvua na kukosea kila mara.

Nimesikia uliyoyafanya pale dukani kwenu. Shemeji yako alipokuwa akimpima mteja wa gauni la harusi, ulimi ukawa mzito, maneno yakaburuzika. Wewe ukamwambia mteja asimjali, siku hizi anaamkia chupa. Mke wangu, ambaye dawa ya kikohozi tu inamlaza! Kisha ukamhamishia nyuma kwenye mabaki ya vitambaa, ukakalia kiti chake cha kaunta, tena ukajinyoosha. Tangu siku hiyo akafunga mdomo, hata nyumbani. Akitaka chumvi, akawa ananyoosha kidole.

Sasa sikiliza. Wewe ni kifungo kisicho na tundu. Wewe ni pindo lililoshonwa na mtu anayesinzia. Ungekuwa suruali, mteja angekurudisha bila kukujaribu.

Ugonjwa wake una jina refu kama treni. Wenyewe wanaufupisha, wanauita em-esi. Daktari alisema neva zetu zimevikwa ganda kama nyaya za umeme, na kwake ganda hilo linachunika, hivyo amri ya kichwa inafika kwenye ulimi imechelewa. Akili iko palepale. Yako ndiyo hatujaipima.

Daktari akatupeleka kwa mtaalamu wa matamshi, binti mdogo mwenye sauti ya kiranja. Chumba chake kina kioo mezani na picha ya koo ukutani, mbaya kuliko sura yako. Akamfundisha kuvuta pumzi kutoka tumboni, kusema maneno machache, kutua, kuvuta tena, na kufungua mdomo kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara. Hata kunywa maji akafundishwa upya: kidevu chini, funda dogo dogo.

Tatizo likawa mimi. Kila mke wangu alipokwama, nilimmalizia neno. Nilidhani namsaidia. Binti akanionya, nikaitikia, nikamalizia tena. Basi akanipa kikombe cha maji, akasema nijaze mdomo na nisimeze mpaka mwenzangu afike mwisho. Nikamwambia mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Akasema vizuri sana, babu, shika kikombe. Mke wangu alipoyaona mashavu yangu yamevimba kama chura, alicheka kwa sauti, nami nikalowa mpaka mkanda. Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo tangu umtoe kwenye kiti chake.

Halafu binti akatupa kazi ya nyumbani. Alisema mtu hafanyi mazoezi vizuri kwa maneno asiyoyahitaji, kwa hiyo achague mtu mmoja mwenye jambo naye, aandae ya kumwambia na ayaseme mpaka mwisho. Akamuuliza ni nani. Akakutaja wewe, tena bila kukwama.

Nikwambie ukweli sasa. Mimi nimetengeneza baiskeli maisha yangu yote. Kukutukana ningekutukana kwa mnyororo na spoku. Hayo ya kifungo, pindo na suruali ni yake. Aliyasema hapa mezani, akitua na kuvuta pumzi, nami naandika mashavu yamejaa maji. Hilo doa ni la maji hayo. Usijidanganye kwamba nililia. Kwenye suruali alikwama. Neno lililofuata nililijua, likaniwasha kooni, nikashikilia maji yangu. Akalimaliza mwenyewe. Halikuwa lile nililodhani. Lilikuwa baya zaidi.

Jumatatu anarudi kaunta. Toka kwenye kile kiti. Mengine amekuwekea akuambie ana kwa ana, na atakapoanza, usimmalizie, usikohoe, usitazame saa. Ukishindwa, nitakuwa mlangoni na kikombe chako kimejaa.

Wasalimie watoto. Mkeo msalimie mara mbili, maana anaishi na wewe.

Ni mimi kaka yako, bado mkubwa kwako,
Mzee Pancha