Matuta Chini ya Maji

Jumatatu, 4 Machi
Shangazi amelimaliza! Hori la bati la kujaribia mawimbi, mita mbili, ubavu mmoja wa kioo, halivuji hata tone. Fundi bati kama yeye sijaona. Amenionya: nikilivunja, atanilehemu mimi.
Ijumaa mwalimu wa fizikia anachagua jaribio moja tu la kwenda kwenye maonyesho. Nataka liwe langu. Simwambii mtu.

Jumanne, 5 Machi
Mambo yameharibika. Mwalimu alitufundisha kwamba ufuo wa mchanga wenye mteremko mdogo humeza mawimbi, karibu hakuna linalorudi. Hilo ndilo nilitaka kuonyesha. Mchanga ulikuwa ukiteleza, nikaulazia kipande cha bati la paa, lile lenye matuta, chini yake. Nikisukuma maji kwa ubao polepole, mawimbi yanamezwa. Nikiongeza kasi kidogo — yanarudi!
Kaka kachungulia, kacheka. Mchanga nimetia kiduchu, matuta ya bati yako wazi. Eti niongeze mchanga, nisawazishe, ninyamaze. Nani atajua?

Jumatano, 6 Machi
Sikusawazisha. Nimepima. Tuta hadi tuta, sentimita nane. Mawimbi hurudi urefu wake, kilele hadi kilele, ukifika kama kumi na sita tu. Mara mbili kamili! Kila tuta hurudisha kidogo, na vidogo hivyo vinaungana. Yanayokwenda yakikutana na yanayorudi, maji hurukaruka mahali pamoja, na kando yake yametulia tuli. Uzuri ulioje! Mama aliniita mara tatu. Ya nne alikuja na mwiko.
Jioni bahari ilikupwa, nikakimbilia ufuoni. Kumbe na huko yapo! Matuta ya mchanga, marefu, yamejipanga sambamba na ufuo.

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi mimi na kaka tulilibeba hori hadi maabara. Nilisema mbele ya darasa: mchanga nao hurudisha mawimbi, ukiwa na matuta. Mwalimu akauliza kama hilo amenifundisha yeye. Hapana, mwalimu. Nani basi? Bati, mwalimu. Darasa zima likaangua kicheko!
Yeye hakucheka. Akavua saa, akakunja mikono ya shati, akashika ubao mwenyewe. Polepole. Kisha haraka kidogo. Akainama mpaka pua ikakaribia maji.
Sasa ni saa kumi, wenzangu wamekwenda nyumbani. Niko kwenye benchi nje ya maabara. Bado nasikia ubao ndani — chubwi, chubwi. Jaribio la maonyesho hajalitaja. Ananiita tena. Anataka rula ndefu zaidi.